Waliyosema Juu ya Paa

Wamejuaje? Hilo ndilo swali la kwanza la msomaji wa kawaida anapokutana na kitabu kinachosimulia maisha ya mkulima wa Ulaya wa miaka 700 iliyopita. Mfalme alikuwa na makarani wa kuandika matendo yake. Mtakatifu alikuwa na wafuasi wa kuandika miujiza yake. Lakini mama wa kijijini asiyejua kusoma wala kuandika, aliyezaliwa, akalima, akazaa na kuzikwa milimani, habari zake ziliandikwa na nani? Na mwanahistoria anaposema kwamba mama huyo aliamini hiki na kuogopa kile, amezitoa wapi habari hizo?

Jibu lenye nguvu kuliko mengi liko katika kijiji kidogo cha milima ya Pyrenees, kusini kabisa mwa Ufaransa, kiitwacho Montaillou. Nalo linaanza na wanawake wanne wanaosakana chawa.

Montaillou ya wakati huo ilikuwa na watu wapatao 250. Iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zake zilishuka kwenye mteremko chini ya ngome. Paa zilikuwa bapa na za chini, na jua lilipotoka watu walipanda huko kuota. Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya 1300, Guillemette Benet na Alazaïs Rives walikuwa wameketi juu ya paa, na binti zao wakiwapekua nywele kutafuta chawa. Jirani yao Vuissane Testanière alikuwa akipita chini, akawasikia. Guillemette alikuwa akiuliza: watu wanaochomwa moto wangali hai, wanayastahimilije maumivu yale? Alazaïs akamkemea kwa ujinga wake. Mungu mwenyewe, alisema, huyachukua maumivu hayo.

Kusakana chawa hakukuwa jambo la aibu Montaillou. Binti alimsaka mama yake, mpenzi alimsaka mpenzi wake, mtumishi alimsaka bibi yake. Yeyote aliyewahi kukaa barazani akisukwa nywele anajua jinsi mkono wa mtu kichwani unavyofungua mdomo. Wanawake wale walizungumza kama watu wanavyozungumza wakiwa wametulia, bila kujua kwamba maneno yao yangewazidi umri kwa karne saba.

Maneno hayo yametufikia kwa sababu ya askofu mmoja aliyekuwa akiwasaka watu wa aina yao.

Kwa nini wakulima hawasikiki

Wanahistoria wanaposema "Enzi za Kati" wana maana ya kipindi kirefu cha historia ya Ulaya, takriban kati ya mwaka 500 na 1500. Katika kipindi hicho sehemu kubwa sana ya watu waliishi kwa kulima na kufuga, lakini kalamu ilikaa mikononi mwa wachache: mapadri na wamonaki, makarani wa watawala, na baadaye wafanyabiashara wa mijini.

Si kwamba mkulima hatajwi kabisa. Anatajwa kwenye orodha za kodi, hesabu za mwenye shamba na faini za mahakama. Lakini anatajwa kama jina na tarakimu: fulani, kondoo kadhaa, deni kadhaa. Ni kama mtu wa mwaka 2700 ajaribu kumfahamu bibi wa Iringa kwa kadi ya kliniki na stakabadhi za mbolea. Atajua kwamba bibi aliishi, alizaa na alilima. Hatajua alimwogopa nani, wala aliwaambia nini wajukuu zake usiku.

Ndiyo maana Montaillou ni hazina. Hapo tunayo majina ya watu na undugu wao, tunajua nani alimpenda nani na nani alimchukia nani, na tunajua walichodhani kinampata mtu akifa.

Watu Wema wa milimani

Kisa chenyewe hakieleweki bila neno moja: uzushi. Kwa Kanisa la wakati huo, mzushi alikuwa Mkristo aliyebatizwa ambaye kwa makusudi alishika mafundisho yaliyokatazwa. Kusini mwa Ufaransa uzushi ulioliumiza Kanisa kichwa zaidi ulikuwa wa Wakathari.

Wakathari walifundisha kwamba kuna nguvu mbili zinazopingana, ya wema na ya uovu, na kwamba ulimwengu huu wa mwili, magonjwa na kifo ni kazi ya ile ya uovu. Roho imenaswa ndani ya mwili kama ndege kwenye tundu. Viongozi wao, ambao wafuasi waliwaita Watu Wema, hawakula nyama, mayai wala jibini, hawakuoa, na hawakula kiapo chochote. Waumini wa kawaida waliishi kama wakulima wengine, wakioa na kula nyama, ila walitumaini kwamba saa ya kufa ikifika Mtu Mwema atawawekea mikono kichwani. Tendo hilo moja ndilo lililookoa roho.

Mwaka 1209 vilianza vita vya msalaba vilivyoitishwa na Papa dhidi yao, vikadumu miaka 20. Mwezi Machi 1244 ngome yao ya Montségur ilianguka na zaidi ya watu 200 wakachomwa moto. Ilionekana yamekwisha. Lakini mwaka 1299 ndugu wawili waliokuwa makarani wa sheria katika mji wa Ax, Pierre na Guillaume Authié, walirejea kutoka Italia wakiwa Watu Wema, wakaanza kuzunguka usiku nyumba kwa nyumba. Kanisa lilishtuka. Mwaka 1308 watu wazima wote wa Montaillou walikamatwa kwa siku moja na kuhojiwa. Pierre Authié alichomwa mwaka 1310.

Askofu mwenye subira

Mwaka 1317 Jacques Fournier aliteuliwa kuwa askofu wa Pamiers, jimbo ambalo Montaillou ilikuwa ndani yake. Alikuwa mmonaki wa asili ya chini aliyekwenda kusoma Paris, mtu mwenye akili kali na haraka kidogo sana. Alifungua mahakama yake ya Inkwizisheni, yaani mahakama ya Kanisa iliyopewa kazi ya kuwatafuta wazushi, kuwahoji, na ama kuwarudisha kundini ama kuwaadhibu.

Kati ya 1318 na 1325 mahakama hiyo ilikaa siku 370 na kufanya mahojiano 578. Kesi zilikuwa 98, washtakiwa 114, na kati yao 48 walikuwa wanawake. Zaidi ya 20 walitoka Montaillou, kijiji ambacho mtu angeweza kukizunguka kwa miguu kabla chungu hakijachemka.

Wachunguzi wengine walitumia maswali yaleyale kwa kila mtu: umewaona wazushi, umewainamia, umewapa chakula? Fournier alikuwa tofauti. Alitaka kujua kila kitu. Mlikuwa mmekaa wapi? Nani alikuwa karibu na moto? Alisema nini hasa, na wewe ukajibu nini? Alimwacha mtu azunguke, apotee, arudi. Kwa subira hiyo alipata alichokitaka, na sisi tukapata vingi ambavyo yeye hakuvihitaji.

Hakuwa mtu mpole, na kosa la kumfanya mpole linajirudia katika maandishi mengi. Watu watano walichomwa moto kutokana na hukumu zake, mmoja wao Guillaume Fort wa Montaillou. Wengi walifungwa katika gereza lililoitwa Ukuta, baadhi yao kwa pingu na kwa mkate na maji. Wengine waliachiwa kwa sharti la kuvaa misalaba ya njano iliyoshonwa kwenye nguo, ili kila anayewaona sokoni awajue. Juu ya hayo, askofu alisisitiza zaka ya wanakondoo ilipwe, jambo lililowachoma wafugaji wa milimani pengine kuliko mahubiri yote.

Mwaka 1334 Fournier alichaguliwa kuwa Papa kwa jina la Benedict XII, akakaa Avignon, na kumbukumbu za mahakama yake zikaingia katika maktaba ya mapapa. Majalada mengine yalipotea. Moja limebaki, nalo liko Vatikani hadi leo.

Safari ya neno kutoka mdomoni hadi ngozini

Jalada hilo limeandikwa kwa Kilatini, ingawa mkulima wa Montaillou hakujua Kilatini. Alizungumza Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa. Basi maneno yake yalipita hatua hizi:

1. Mshtakiwa alijibu kwa Kioksitani, na karani akaandika haraka haraka.
2. Karani alipanga majibu hayo kuwa maelezo kamili kwa Kilatini, akibadilisha "mimi" kuwa "yeye", na kuongeza lugha ya kisheria.
3. Maelezo yalisomwa mbele ya mshtakiwa kwa lugha yake, naye aliweza kurekebisha.
4. Nakala safi ilinakiliwa kwenye ngozi za wanyama zilizokwanguliwa na kulainishwa, kwa maana hivyo ndivyo vitabu vya kudumu vilivyotengenezwa.

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji maelezo marefu hapa. Kwa miaka mingi, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, shahidi katika mahakama nyingi nchini alisema kwa Kiswahili huku hakimu akiandika kwa Kiingereza. Aliyewahi kuona mwenendo wa kesi yake mwenyewe ukiwa umegeuzwa hivyo anajua kinachopotea: kusita, tusi, methali, neno lenye maana mbili. Anajua pia kwamba mengi hubaki. Nani alifika saa ngapi, nani alibeba nini, nani alilia, hayo huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuvunjika.

*Kwa ufupi: wakulima wa Montaillou hawakuandika chochote. Walihojiwa kwa hofu, kwa lugha yao, na mtu aliyetaka undani. Maneno yao yaligeuzwa Kilatini. Na jalada moja kati ya yaliyoandikwa limesalia.*

Nyota ya nyumba

Tufungue jalada sasa.

Jambo linalojitokeza karibu kila ukurasa ni nyumba. Kwa Kioksitani neno lao lilikuwa *ostal*, na kama lilivyo neno letu "nyumba", lilibeba maana mbili kwa pamoja: kuta na moto wa jikoni, halafu ukoo unaoishi humo. Mtu wa Montaillou hakujieleza kwanza kwa taifa wala kwa mfalme, alijieleza kwa nyumba. Nyumba zilipendana, ziligombana, zililindana. Hata uzushi uliingia kwa nyumba: familia hii yote ni ya Watu Wema, ile ya jirani si yao.

Nyumba yenye nguvu kuliko zote ilikuwa ya akina Clergue. Mtoto mmoja, Bernard, alikuwa msimamizi wa kijiji kwa niaba ya mtawala. Mwingine, Pierre, alikuwa padri wa parokia. Baba yao Pons alipofariki, mjane wake Mengarde aliagiza maiti ikatwe nywele za kwenye paji la uso na kucha za mikono na miguu, vikahifadhiwa ndani. Waliamini kwamba vikizikwa pamoja na mwenyewe, bahati ya nyumba itaondoka naye. Karani alipotafuta neno la Kilatini kwa kitu hicho ambacho nyumba ingeweza kukipoteza, aliandika *astrum*. Maana yake ni nyota.

Mtafsiri wa Kiingereza au Kifaransa akifika hapo hulazimika kuweka maelezo. Mtafsiri wa Kiswahili angeandika "nyota" na kuendelea na kazi yake, kwa maana kila msomaji wake amekwisha kusikia habari za mtu aliyechukuliwa nyota. Hilo halithibitishi kwamba Montaillou na Mombasa zina asili moja ya imani. Linaonyesha kwamba msomaji wa huku ana mlango wake wa kuingilia jalada hili, na mlango huo haupitii Paris wala London.

Imani za aina hiyo zinaonekana pia katika mkoba wa Béatrice de Planissoles. Alikuwa mwanamke wa ukoo wa kikabaila, mjane wa msimamizi wa ngome ya Montaillou, na kwa muda alikuwa mpenzi wa Padri Pierre Clergue. Mwaka 1320 aliitwa na askofu, akaogopa, akakimbia, akakamatwa. Mkoba wake ulipofunguliwa vilitolewa vitu, na kwa kila kimoja akaulizwa ni cha nini. Kulikuwa na vitovu viwili vikavu vya watoto: ni vya wajukuu wake, alisema, kwa kuwa mwanamke mmoja wa asili ya Kiyahudi aliyebatizwa alimwambia kwamba ukivibeba hutashindwa kesi. Kulikuwa na kitambaa chenye damu ya hedhi ya kwanza ya binti yake, ambayo akinyweshwa mume wa binti huyo hatatamani mwanamke mwingine. Kulikuwa na punje za ubani za kutuliza kichwa, kioo na kisu kidogo.

Askofu alitafuta uchawi mkobani. Msomaji wa leo anaona bibi mwenye wajukuu, anayeitakia heri ndoa ya binti yake na kuogopa mahakama. Alifungwa mwaka 1321, na mwaka uliofuata akaachiwa kwa misalaba ya njano.

Bata bukini na roho

Kuna picha ya Ulaya ya Enzi za Kati inayopendwa sana: watu wote walimwamini Mungu kwa namna moja, kengele ikilia wote wakapiga magoti. Jalada la Fournier linaivunja picha hiyo vipande vipande, na hili pengine ndilo somo lake kubwa kwa anayechunguza dini ya watu wa kawaida.

Guillemette Benet wa kijiji cha Ornolac (si yule wa juu ya paa, majina yao yamefanana tu) aliiambia mahakama kwamba aliamini roho ya mtu ni damu. Alijuaje hilo? Kwa kuchinja bata bukini. Aliona kwamba ukimkata bata kichwa, uhai unaendelea kadiri damu inavyotoka, na damu ikiisha, uhai umekwisha. Tena alikuwa amewaangalia watu wakikata roho, na hakuona chochote kikitoka kinywani ila upepo. Hakuna Mtu Mwema aliyemfundisha hayo, wala kitabu. Aliyafikia mwenyewe akiwa na kisu mkononi uani kwake.

Aude Fauré wa Merviel alikuwa na shida nyingine. Alisikia kwamba mwanamke alishikwa na uchungu akajifungua njiani, na akilini mwake likamjia wazo la uchafu wote unaoutoka mwili wakati wa kuzaa. Tangu hapo, kila padri alipoinua hostia, yaani mkate mtakatifu ambao Wakatoliki wanaamini ni mwili wa Kristo, Aude aliona mwili, na mwili kwake ukawa na uchafu ule. Hakuweza tena kuamini. Aliteseka, akamsihi mumewe na majirani wamsaidie kuomba. Hapa uzushi haupo kabisa. Yupo mwanamke anayepigana na wazo ambalo halimtoki.

Halafu Arnaud Gélis wa Pamiers, ambaye kazi yake ilikuwa kuongea na wafu. Watu walimwendea kuuliza hali ya marehemu wao, naye aliwapelekea salamu na kuwaletea majibu. Wafu, alieleza, hutembea makundi kwa makundi, kwa haraka, kutoka kanisa hadi kanisa. Husikia baridi, na usiku huingia katika nyumba zenye moto mzuri na kuni za kutosha. Ndiyo sababu mtu anayetembea barabarani hapaswi kurusharusha mikono: anaweza kuwagonga wafu wakaanguka.

Watatu hao, Guillemette, Aude na Arnaud, waliishi katika jimbo moja, wakibatizwa na Kanisa lilelile. Mmoja aliona hakuna kitu baada ya kifo ila upepo. Mwingine aliona barabara imejaa marehemu.

Ungamo la uongo

Yote hayo yametoka kinywani mwa watu waliokuwa wanaogopa. Je, yaaminiwe?

Katika jalada hilohilo kuna kesi ya Guillaume Agasse, msimamizi wa makao ya wagonjwa wa ukoma huko Pamiers. Mwaka 1321 uvumi ulienea Ufaransa kwamba wagonjwa wa ukoma wamekula njama ya kutia sumu visimani. Mfalme Philip V aliamuru wakamatwe, na katika sehemu nyingi walichomwa moto. Agasse alikiri. Kila alipohojiwa tena njama ilipanuka, hadi ikawahusisha mfalme wa Granada na Sultani wa Misri. Katika kesi hii mateso yalitumika.

Hakukuwa na njama yoyote. Agasse alisema aliyotakiwa kuyasema, na karani aliyaandika kwa unadhifu uleule alioutumia kuandika habari za bata bukini. Wino ni uleule, ngozi ni ileile, na muhuri wa kisheria ni uleule. Anayetaka kulitumia jalada la Fournier lazima akabiliane na ukweli huo, la sivyo atajenga historia juu ya kilio cha mtu aliyeteswa.

Njia ya kutenganisha ipo, ingawa haina uhakika wa hesabu. Watafiti hujiuliza:

- Je, jambo hili ndilo lililoulizwa, au limepenya tu? Hakuna hakimu aliyehitaji kusikia kwamba wanawake walikuwa wakisakana chawa.
- Je, linafanana na hofu iliyokuwa ikizagaa nchini wakati huo? Njama ya sumu ilikuwa midomoni mwa kila mtu kabla Agasse hajafungua wake.
- Je, mashahidi wasiopatana wanalisema kwa namna moja?
- Je, neno hili lingetoka kwa mkulima, au ni la karani? Mkulima hakusema "mafundisho potofu". Alisema jirani fulani ni "wa wale".

Kwa kipimo hicho, maelezo madogo ya pembeni yana uzito kuliko ungamo lenyewe. Mahali pa kukaa, kilichokuwa chunguni, njia ya kondoo, nani alimtembelea mgonjwa: hayo alisema mtu akielekea kwenye jambo jingine.

Kitabu cha 1975 na mabishano yake

Kwa muda mrefu waliolijua jalada walikuwa wataalamu wachache wa uzushi. Mwaka 1965 Jean Duvernoy alichapisha maandishi yote ya Kilatini. Miaka kumi baadaye mwanahistoria Emmanuel Le Roy Ladurie akatoa kitabu *Montaillou, village occitan*, na kitabu hicho cha kitaalamu kikauzwa kama riwaya.

Le Roy Ladurie alikuwa amejijengea jina kwa kuhesabu: bei za nafaka, viwango vya kodi, idadi ya watu wa kusini mwa Ufaransa kwa karne kadhaa. Kwa Montaillou aliacha tarakimu akachukua nyuso. Alipanga kitabu kama mtafiti wa mila aliyeishi kijijini: sura ya nyumba, sura ya wachungaji, za ndoa, utoto, kifo, wakati na nafasi. Wasomaji walihisi wameingia jikoni.

Wakosoaji nao walifika. Leonard Boyle, padri na bingwa wa maandishi ya kale ambaye baadaye aliongoza Maktaba ya Vatikani, alionyesha mahali ambapo Kilatini kilisomwa vibaya. Mwanaanthropolojia wa Marekani Renato Rosaldo alisema jambo zito zaidi: kitabu kinamtumia mchunguzi wa Inkwizisheni kama vile alikuwa mtafiti mwenzetu mwenye daftari, na baada ya kurasa za mwanzo minyororo haionekani tena. Lawama hiyo ni ya haki. Chumba cha Fournier hakikuwa baraza la mazungumzo, na msomaji asisahau hata mstari mmoja kwamba nyuma ya kila neno kulikuwa na Ukuta. Lakini haifuati kwamba jalada lifungwe. Kulifunga ni kuwanyamazisha Guillemette na Aude mara ya pili.

Wawili: aliyenyamaza na aliyesema

Mtu anayetajwa na karibu kila shahidi wa Montaillou ni Padri Pierre Clergue. Aliwalinda wazushi, kisha akawatumia wachunguzi kuwaangamiza maadui wa nyumba yake. Aliongoza misa asubuhi na kuwahifadhi Watu Wema usiku. Alikamatwa mwaka 1320 akafia gerezani. Hakuna ushahidi wake hata mmoja katika jalada. Yote tunayoyajua juu yake yametoka kwa waliompenda na waliomchukia.

Pierre Maury, mchungaji wa kondoo, alisema mengi. Alizaliwa Montaillou karibu na mwaka 1282, akaondoka akiwa kijana kwenda kuchunga mali za watu. Maisha yake yalikuwa njia: kiangazi kwenye malisho ya juu, akitengeneza jibini kibandani na wenzake, majira ya baridi mabondeni upande wa Catalonia. Nyumba ya wazazi wake ilibomolewa kwa sababu ya uzushi. Alichokuwa nacho alikigawa, na kila alipopita alifanya watu kuwa ndugu kwa ubatizo wa watoto wao.

Alikuwa rafiki mwaminifu wa Guillaume Bélibaste, Mtu Mwema wa mwisho anayejulikana wa kusini mwa Ufaransa. Bélibaste hakuwa safi kama alivyohubiri. Aliishi na mwanamke aitwaye Raimonde, na Raimonde alipopata mimba, akamwozesha Maury haraka, na baada ya siku chache akamwomba aivunje ndoa hiyo. Maury akakubali. Mtoto akahesabiwa kuwa wake, na heshima ya Bélibaste ikabaki, naye Maury akaendelea kumpa fedha na kondoo.

Aliyemwangusha Bélibaste ni fundi viatu mmoja, Arnaud Sicre. Mama yake Arnaud alichomwa kwa uzushi na mali yake ikataifishwa, na mwana aliitaka irudi. Akajifanya muumini, akakaa na kundi la wakimbizi ng'ambo ya milima, fedha zikitoka kwa Fournier, hadi alipomshawishi Bélibaste afunge naye safari ya kurudi kaskazini. Bélibaste alikamatwa, akachomwa moto Villerouge-Termenès mwaka 1321.

Maury angeweza kubaki mbali. Marafiki zake wa ng'ambo walimsihi aache kurudi milimani kwao, kwa kuwa siku moja atakamatwa. Aliwajibu kwamba hawezi kuishi maisha mengine ila yale aliyolelewa nayo: kiangazi atapanda, baridi atashuka. Alikamatwa. Mwaka 1324 alikaa mbele ya askofu akasimulia miaka yake zaidi ya 20 ya njia, mabonde, kondoo dume, majina ya waajiri na ya watoto aliowasimamia ubatizo. Ni miongoni mwa maelezo marefu na yenye uhai kuliko yote katika jalada. Kisha yeye na nduguye Jean wakahukumiwa kwenda Ukutani, na baada ya hukumu hiyo jina la Pierre Maury halionekani tena popote.